Mikono Yenye Mafuta

Katika karakana moja ya nyumbani huko Unyambwa, kata iliyo ndani ya Manispaa ya Singida, kijana anayekuja kujifunza kazi ya gesi hupewa amri mbili siku ya kwanza. Ya kwanza: usiguse mtungi wa oksijeni ukiwa na mafuta mikononi. Ya pili: ukimaliza kuchomelea mabati, kunywa maziwa. Amri zote mbili hutolewa na mtu yule yule, kwa sauti ile ile, na hakuna inayofuatwa na neno "kwa sababu". Kijana huitikia, "Sawa, fundi," na kazi huendelea.

Moja ya amri hizo inaokoa maisha. Nyingine haimwokoi mtu. Je, anayezipokea atajuaje ipi ni ipi? Na kama hawezi kujua, aliyempa amempa nini hasa?

Nianze na mafuta, maana Singida ni nchi ya alizeti. Baada ya mavuno, mashine za kukamua huunguruma tangu asubuhi, na harufu ya mashudu hukaa kwenye nguo za watu. Mafuta yako kwenye madumu, kwenye magunia, kwenye viti vya baiskeli. Kazi nyingi zinazofika karakana zinatoka huko huko: sinia la mashine lililotoboka, kikapio kilichopasuka mshono, rejeta ya trekta inayovuja, plau iliyovunjika mkono. Chuma kinakuja kimeloa mafuta, na anayekileta naye ana mafuta mikononi. Kisha vyote viwili vinasogea karibu na mtungi uliojazwa oksijeni kwa shinikizo linalofika mara mia moja na hamsini ya shinikizo la hewa tunayovuta.

Watu wengi hudhani oksijeni inaungua. Haiungui. Kazi yake ni kufanya vitu vingine viungue. Hewa ya kawaida ina oksijeni kiasi cha asilimia 21, na kiasi hicho ndicho kinachofanya mkaa uwake taratibu na kanga isishike moto ovyo. Ukiongeza oksijeni, vitu tunavyovidhani vipole hubadilika tabia. Mafuta au grisi kwenye nati ya mtungi yanaweza kuwaka bila kiberiti: valvu inapofunguliwa kwa ghafla, gesi hugandamizwa kwenye nafasi ndogo, hupata joto kali, na joto hilo hutosha. Ndiyo maana fundi mzuri hupangusa mikono, hufungua valvu polepole, na husimama pembeni ya regulata badala ya kusimama mbele yake.

Sasa maziwa. Bati lililopakwa zinki likipigwa moto wa gesi hutoa moshi mweupe. Anayeuvuta huweza kuugua saa chache baadaye: baridi, homa, kiu, ladha ya chuma mdomoni, mwili kuuma kama wa mwenye malaria. Mara nyingi hali hiyo hupita yenyewe ndani ya siku moja au mbili. Maziwa hayaendi mapafuni. Yanakwenda tumboni, na moshi haukupita huko. Lakini aliyekunywa maziwa jioni na kuamka mzima kesho yake atasema maziwa yamemponya, na shahidi wake ni mwili wake mwenyewe. Kumbe angeamka mzima hata kwa uji. Kinachomkinga ni kukaa upande unakotoka upepo, na upepo Singida upo wa kutosha, au kukwangua ile zinki kabla ya kuwasha.

Hapo kuna jambo linalonisumbua. Amri ya uongo huonekana kuzaa matunda kila siku. Amri ya kweli haionyeshi chochote. Unapangusa mikono mara elfu moja, na mara zote elfu moja hakuna kinachotokea. Hakuna anayemaliza siku akasema, "Leo sikulipuka, asante kupangusa mikono." Kwa hiyo tukiuacha uzoefu peke yake uamue, maziwa yatashinda na kitambaa kikavu kitashindwa. Uzoefu ni mwalimu mzuri wa mambo yanayotokea mara nyingi. Kwa jambo linalotokea mara moja, mwalimu huyo hufika baada ya mazishi.

Mimi ni mwalimu wa kemia, na fundi huyo ni jirani yetu tangu utoto wangu. Siku moja, baada ya kumwamkia na kupewa kigoda, nilimuuliza kwa nini hawaelezi vijana sababu. Hakukasirika. Alimalizia kuziba rejeta aliyokuwa nayo, akafunga gesi, akapandisha miwani juu ya paji la uso.

"Mwanangu," alisema, "ukimweleza kijana sababu, anaanza kupima. Atasema: leo mafuta ni kidogo. Atasema: haya si mafuta, ni jasho. Mimi nataka aogope tu. Mtu anayeogopa hapimi."

Nimelifikiria jibu hilo kwa muda mrefu, kwa sababu si jibu la mtu mvivu. Mwiko una nguvu ambayo maelezo hayana. Unakaa mwilini. Mtoto wa miaka minne akinyoosha mkono kuelekea ncha ya tochi, hakuna mama anayemweleza kwamba moto ule unapita nyuzi 3,000 za Selsiasi wakati chuma chenyewe kinayeyuka kwenye nyuzi 1,500 hivi. Anapiga kelele, "Acha!" na mkono unarudi. Na wazee wetu waliofua chuma waliijua nguvu hiyo. Katika jamii nyingi za Kiafrika, wayeyushaji wa chuma walikatazwa kulala na wake zao siku za tanuri. Unaweza kuicheka kanuni hiyo; unaweza pia kuona kwamba mtu asiyekwenda nyumbani usiku ni mtu anayekesha na moto wake. Miaka ya 1970, huko Buhaya, wazee walijenga upya tanuri la kuyeyushia chuma kwa kumbukumbu tu, watafiti Peter Schmidt na Donald Avery wakishuhudia, ingawa kazi hiyo ilikwishaachwa zamani chuma cha madukani kilipoingia. Maarifa yaliyofungwa ndani ya desturi yanaweza kudumu bila daftari.

Kwa hiyo sisemi kwamba mwiko ni ujinga. Nasema una mpaka, na mpaka wake niliuona kwa macho.

Ilikuwa mchana wa jua kali, mwezi wa Oktoba, vumbi limetanda. Kijana mmoja wa pale karakana alikuwa amemaliza kusaga chuma, ovaroli imejaa unga mweusi. Akachukua mpira wa oksijeni, akafungua kidogo, akajipuliza: kifuani, mikononi, ndani ya kola. Alikuwa anajipangusa vumbi na kujipoza kwa wakati mmoja, na alikuwa anatabasamu. Mikono yake ilikuwa mikavu na safi. Hakuvunja amri yoyote aliyowahi kupewa.

Nguo iliyonyweshwa oksijeni huendelea kuishika kwa muda katikati ya nyuzi zake. Cheche moja ikiangukia nguo ya namna hiyo, haitoboi tundu dogo kama ilivyozoea. Nguo nzima inaweza kushika moto kwa mara moja. Na cheche pale zilikuwepo, hatua tano tu kutoka aliposimama. Fundi alimwona, akamfokea, kijana akafunga. Hakuna kilichotokea. Nilimwangalia usoni, nikaona kwamba hakuelewa kafokewa nini. Pengine alidhani ni kwa kupoteza gesi ya bei ghali.

Kijana huyo alipewa kanuni kuhusu mafuta. Sababu ya kanuni hiyo ingemfundisha zaidi ya mafuta. Ingemwambia kwamba oksijeni huamsha moto uliolala katika kila kitu: katika nguo, katika nywele, katika kamba ya katani. Ingemwambia asiitumie kujaza tairi pale kompresa inapoharibika, wala kuzibulia mpira wa dizeli. Mwiko husimama pale aliyeutunga alipofikia kuona. Sababu hutembea na wewe hadi mahali ambapo hakuna aliyekutangulia. Na karakana ya nyumbani imejaa mahali pa namna hiyo, kwa kuwa kila kitu pale ni cha kubuni: kifaa kimetoka kwingine, kazi haijawahi kufanywa, na kipuri hakipatikani.

Mwanafalsafa wa Ghana Kwasi Wiredu, katika kitabu alichokitoa mwaka 1980, alilalamikia tabia ya kuamrisha bila kujieleza, akaiweka kati ya magonjwa ambayo jamii yoyote inaweza kuugua, si zetu peke yake. Niliposoma nilimkumbuka fundi. Lakini nilimkumbuka pia mkuu wa idara, daktari, afisa wa mradi na mimi mwenyewe mbele ya ubao. Kumwamuru mtu bila kumpa sababu ni njia ya haraka, na mara nyingi ni njia ya upendo kabisa. Ila ina gharama ambayo anayelipa ni mwingine.

Nani mwingine? Hapa neno "nyumbani" linakuwa zito. Karakana ya fundi huyu haina ukuta wake. Ni ua ule ule ambamo nguo zinaanikwa, mtama unapepetwa na mbuzi wanapita. Kijana anayejifunza walau amepewa mwiko. Mama wa nyumba hakupewa hata huo, kwa kuwa yeye si mwanafunzi. Akirudi kutoka kukamua alizeti, mikono inang'aa mafuta, akakuta mtungi umezuia njia, atausogeza. Nani amlaumu? Ni njia ya kwake.

Kisha kuna asetilini yenyewe. Siku hizi wengi hununua mtungi uliojazwa mjini, lakini katika sehemu nyingi za Afrika bado kuna wanaoitengeneza wenyewe: mawe ya kijivu ya kabaidi yanatumbukizwa kwenye pipa la maji, na gesi inatoka ikinuka kama kitunguu saumu. Kilo moja ya kabaidi hutoa lita karibu 300 za gesi. Tope jeupe linalobaki chini ni chokaa, na watu huipaka ukutani. Asetilini ina tabia mbili za kuogopwa. Huweza kuwaka ikiwa imechanganyika na hewa kwa kiwango chochote, kuanzia asilimia mbili na nusu hadi asilimia 80 na zaidi. Na ikigandamizwa kupita shinikizo dogo tu, chini ya lile la tairi la gari, inaweza kulipuka yenyewe bila hata oksijeni. Ndiyo maana mtungi wa asetilini wa kiwandani hauko mtupu ndani kama ule wa oksijeni. Umejazwa kitu chenye vitundu vidogo kama sifongo, kilicholoweshwa asetoni, na gesi imeyeyuka humo kama chumvi kwenye maji. Na ndiyo maana haulazwi wakati wa kazi: ukilazwa, asetoni hutoka pamoja na gesi.

Sasa mfikirie mtoto wa nyumba hiyo aliyetumwa maji. Anakuta kopo zuri la bati lenye kifuniko, na chini kuna vijiwe. Anafanya ambacho mtoto yeyote angefanya: analisuuza. Fundi anayajua yote haya. Anayajua vizuri kuliko mimi, kwa mikono. Swali langu la maadili linaanzia hapo. Mtu anayejua hatari iliyofichika, akaileta katikati ya watu wasioijua, anadaiwa nini na watu hao?

Jibu la kawaida ni kwamba anadaiwa uangalifu. Awe makini, afunge vizuri, aweke mbali. Ni kweli, lakini halitoshi. Uangalifu wa fundi ni mali ya fundi. Akisafiri kwenda msibani, anaondoka nao. Mitungi inabaki.

Mtu anaweza kunijibu kwamba hata sababu haimkingi mtu. Hiyo pia ni kweli, na mfano wake mkubwa ni Gustaf Dalén, mhandisi wa Sweden ambaye kampuni yake, AGA, ndiyo iliyotengeneza ile sifongo ya ndani ya mtungi iliyofanya asetilini iweze kubebwa kwa usalama. Mwaka 1912, akiwa anafanya majaribio ya mitungi, mlipuko ulimpofusha macho yote mawili. Mwaka huo huo alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia kwa kazi yake ya taa za kuongozea meli, na kaka yake ndiye aliyekwenda kuipokea kwa niaba yake. Duniani walikuwa wachache walioijua asetilini kama Dalén, na ilimpofusha.

Lakini tazama tofauti. Dalén alisimama pale akijua amesimama mbele ya nini. Hatari ilikuwa yake: aliipima, akaikubali, na baada ya kupofuka aliendelea kuiongoza kampuni yake mpaka kifo chake mwaka 1937. Yule kijana wa ovaroli hakukubali chochote. Alikuwa katika hatari ya mtu mwingine, kama abiria aliyelala ndani ya basi. Kumpa mtu sababu hakumhakikishii usalama. Kunaibadilisha hatari iwe kitu ambacho anaweza kukikubali au kukikataa. Kabla ya hapo hana hata cha kukataa.

Wala si fundi peke yake anayedaiwa. Umbali mfupi kutoka ua ule kuna madarasa ambamo wanafunzi wa sekondari wanaandika kwenye madaftari jinsi kabaidi inavyokutana na maji. Wanaiandika kwa Kiingereza, wanasawazisha mlinganyo, wanapata alama. Wengi wao hawajui kwamba gesi ile ya ubaoni ndiyo inayosikika ikifyonza hewa nyuma ya nyumba ya jirani. Na vijana wa karakana, ambao wengi waliishia darasa la saba, hawajui kwamba sababu ya amri wanazopewa iko pale ng'ambo ya uzio, kwa lugha wasiyoitumia. Darasa lina sababu bila moto, karakana ina moto bila sababu. Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alitaka shule imjengee kijana akili ya kuhoji na uwezo wa kujifunza kwa wengine, akichukua na kukataa kwa kupima mwenyewe. Tumeijadili sana kama habari ya jembe na shamba la shule. Naona ilikuwa pia habari ya mtu kujua kwa nini.

Tunayo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na ni sheria nzuri. Lakini inazungumza na mwajiri. Kwenye ua wa Unyambwa, mwajiri ni baba mdogo, mshahara ni chakula cha mchana, na mahali pa kazi ni mlangoni pa jiko. Ipo SIDO, iliyoundwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, na ipo VETA. Kijana anayefika huko ana bahati. Wengi hawafiki. Na sitamwambia fundi anunue kesho valvu za kuzuia moto usirudi kwenye mipira, ilhali najua rejeta moja inamlipa kiasi gani. Umaskini ni sababu halali ya kukosa kifaa.

Si sababu halali ya kunyamaza. Kusema "mafuta na oksijeni vikikutana vinaweza kuwaka vyenyewe, na nguo pia" kunachukua muda mfupi kuliko kuvuta sigara. Hakuhitaji umeme wala mkopo. Kunahitaji fundi akubali kwamba kijana anayejua sababu ataanza kupima, kama alivyohofia, na siku moja huenda akampima yeye: "Fundi, haya maziwa yanafika vipi mapafuni?" Nadhani hapo ndipo ugumu halisi ulipo. Anayetoa amri peke yake hubaki bwana wa amri. Anayetoa na sababu amempa mwingine mizani, na mizani haichagui cha kupima.

Mimi upande wangu nimeanza na kitu kidogo. Somo la kabaidi sasa nalifundisha mara mbili: mara ya kwanza kwa Kiingereza cha mtihani, mara ya pili kwa Kiswahili, na mara hiyo ya pili ninawauliza nani kati yao nyumbani kwao kuna mtungi. Mikono hunyooka mingi kuliko nilivyotarajia. Ninawapa kazi ya nyumbani ambayo haisahihishwi: nenda kamweleze mama kwa nini mtungi ule hausogezwi kwa mikono yenye mafuta, na umwambie aniulize kama hukueleza vizuri. Hadi sasa wamekuja akina mama wawili. Mmoja alitaka kujua kama ni hatari pia kwa mafuta ya kupaka mtoto. Nikamwambia ndiyo, hata hayo. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza swali ambalo hakuna amri iliyowahi kulifikia: je, na ile nepi inayoanikwa juu ya mtungi?